Kipimo Hujibu Ulichokiuliza

Ndugu zangu wakishajua kwamba kazi yangu ni kupima dawa, huniletea vidonge. Shangazi hutoa mkobani pakiti iliyobaki nusu, ananikabidhi na kusema, "Mwanangu, hebu niangalizie hii kama ni nzima." Napokea kwa mikono miwili, nasoma jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, nabonyeza kidogo karatasi ya mgongoni kuona kama unyevu umeingia. Swali lake ni la haki. Mtu anayemeza dawa anastahili kujua anameza nini. Lakini kwa muda wote niliokaa mbele ya mizani na bureti, sijaona chombo kinachoweza kulijibu swali hilo jinsi anavyoliuliza. Kuna kipimo cha uzito, kipimo cha utambulisho, cha kiasi, cha kuyeyuka, cha uchafu. Kila kimoja kinajibu swali lake, pengine kwa usahihi wa kushangaza, na kuhusu mengine yote kinanyamaza. Kujifunza uchambuzi wa dawa, kwa upande wangu, kumekuwa kujifunza mahali kila kipimo kinaponyamaza.

Tulianzia kwenye mizani. Katika maabara ya mafunzo pale Upanga, Dar es Salaam, mizani nyeti ilikuwa na chumba chake, juu ya meza nzito ya zege, ndani ya kiboksi cha vioo chenye vilango vya pembeni. Ilisoma mpaka sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Wahadhiri walitupa nadharia na hesabu, nami nawashukuru; mkono tulifundishwa na fundi sanifu wa maabara, mama wa makamo ambaye wote tulimwita Mama na kumwamkia kabla ya kugusa kitu chochote.

Siku hiyo Mama alichukua kichupa kidogo cha kioo kwa koleo, akakipima, akatuambia tuandike namba. Kisha akakishika kwa vidole, akakirudisha. Namba ikapanda. Alama za vidole vyake zilikuwa na uzito, na mizani ilikuwa imeziona. Akakipasha moto kidogo, akakirudisha kikiwa na joto lake: sasa namba ilikuwa chini kuliko ya kwanza, tena haitulii, kwa sababu hewa yenye joto hupanda ikizunguka kioo na kukiinua. Mwisho akaweka ndani yake unga mweupe unaopenda maji, akaacha kilango wazi. Ilikuwa mwezi Machi, kabla ya mvua, hewa ya pwani imejaa unyevu. Tarakimu ya mwisho ikaanza kupanda, taratibu, moja baada ya nyingine, wakati hakuna aliyeongeza kitu.

"Dawa inaongezeka?" akatuuliza.

Hakuna aliyejibu.

"Haiongezeki. Hiyo ni hewa ya bahari inaingia. Ukiandika sasa, umeandika hewa. Funga mlango, subiri itulie. Na ikitulia, mwanangu, andika hiyo hiyo uliyoiona. Hakuna aliyekuuliza ungependa iwe ngapi."

Daftari la maabara lilikuwa na sheria zake. Kurasa zilikuwa na namba ili isichanwe hata moja. Wino tu. Ukiandika vibaya, unapiga mstari mmoja juu ya neno ili lililokuwepo liendelee kusomeka, unaandika sahihi pembeni, unaweka saini na tarehe. Vijana tuliokuwa tumetoka sekondari, ambako daftari safi ndilo lililopata alama, tuliona aibu kurasa zetu zikijaa mistari. Mama aliziangalia kurasa hizo kwa kuridhika. Daftari lisilo na mstari hata mmoja ndilo alilolikagua mara mbili.

Vyombo vya kioo navyo vilikuwa na somo lake. Shingoni mwa chupa ya ujazo pameandikwa 20 °C, maana yake alama ile ya duara ni kweli katika joto hilo. Chumba cha Dar es Salaam bila kiyoyozi hufika nyuzi 30 na kuzidi. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 maji hutanuka kama robo ya asilimia. Methanoli, ambayo tuliitumia kila siku, hutanuka zaidi ya asilimia moja. Ukitengeneza myeyusho wa rejea asubuhi chumba kikiwa na ubaridi, na wa sampuli alasiri umeme umekatika, hiyo asilimia moja unaiingiza kwenye jibu bila kuikusudia. Dawa nyingi za vidonge zinaruhusiwa kucheza kati ya asilimia 95 na 105 ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Ndiyo maana huwa nasikitika nikisikia mhasibu akikata fungu la viyoyozi vya maabara kwa kuviita starehe.

Kipimo cha kwanza cha kiasi tulichokifanya wenyewe kilikuwa cha paracetamol, kwa njia ya Farmakopia ya Uingereza. Unapima gramu 0.3 za unga, unauchemsha kwa saa nzima katika maji yenye asidi ya sulfuriki, juu ya chupa kukiwa na mrija wa kupooza ili mvuke urudi chini usipotee. Ukishapoa unajaza maji mpaka mililita 100. Kutoka humo unachukua mililita 20, unaongeza maji, asidi ya hidrokloriki, gramu 40 za barafu, na matone machache ya feroini, ambayo ndiyo kiashiria. Chupa inakuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, baridi mpaka mkono unauma. Halafu unafungua bureti yenye seriamu salfeti, tone kwa tone, mkono wa kulia ukizungusha chupa, mpaka rangi igeuke kuwa njano ya kijani.

Kila mililita moja ya seriamu ya nguvu ya 0.1 inalingana na miligramu 7.56 za paracetamol. Anayejua hesabu anaona mara moja hatari iliyopo: katika mililita 20 zile kuna miligramu 60, kwa hiyo rangi inatakiwa igeuke karibu na mililita 8. Na ukishajua mapema, jicho linaanza kuiona njano kabla haijafika. Unga wetu Mama alikuwa ameuchanganya na wanga, kila meza kwa kiwango chake, na kwenye kichupa hakuandika kitu zaidi ya herufi moja. Meza ya jirani walifika kwenye 8 wakaendelea kutazama chupa yao kwa wasiwasi. Ya kwetu iligeuka kwenye 6 na kitu. Hapo hakuna wa kumwigiza. Ilibaki kila mmoja aamini macho yake.

Mwishoni, tone zima ni kubwa mno. Mama alitufundisha kutoa nusu tone: unafungua bureti kidogo sana hadi tone lining'inie bila kudondoka, unaligusisha kwenye ukuta wa ndani wa chupa, unalisukuma chini kwa maji machache. Nimewaona watu wenye shahada kubwa ambao hawawezi, na vijana wa cheti wanaoifanya kazi hiyo kama wamezaliwa nayo. Ni ujuzi wa vidole, hauna njia ya mkato, na mpaka leo nikiajiri mtu wa maabara ndicho kitu cha kwanza ninachomwomba anionyeshe.

Wiki kadhaa baadaye, nikisoma kemia ya kipimo kile, nilikutana na jambo lililobadilisha namna ninavyoiangalia kazi hii. Kule kuchemsha kwa saa nzima kazi yake ni kuivunja paracetamol. Inavunjika kuwa asidi ya asetiki na kitu kinachoitwa 4-aminofenoli, na hiyo 4-aminofenoli ndiyo inayogombana na seriamu. Sasa fikiria pakiti iliyokaa vibaya, ghalani penye joto na unyevu, mpaka sehemu ya dawa ikaanza kuvunjika yenyewe. Kinachotokea humo ni kilekile tunachokifanya kwa makusudi kwenye chupa. Sehemu iliyoharibika itahesabiwa pamoja na iliyo nzima, na bureti itakupa namba nzuri. Wakati huohuo 4-aminofenoli ni sumu kwa figo.

Kipimo hakikudanganya. Kiliulizwa ni kiasi gani cha kitu kinachogombana na seriamu kimo katika chupa, kikajibu. Aliyedhani ameuliza habari za paracetamol ni mtu. Farmakopia inalijua hilo, na ndiyo sababu ukurasa huohuo una kipimo kingine kinachoitafuta 4-aminofenoli peke yake, kwa kikomo kidogo sana. Tangu hapo kila nilipofungua ukurasa wa dawa niliacha kuusoma kama orodha ya kazi za kumaliza. Niliusoma nikitafuta kila kipimo kinaziba pengo la kipi.

Mapengo ni mengi. Vidonge 20 husagwa pamoja ili upate wastani, na wastani unaweza kuwa sahihi kabisa huku kimoja kikiwa na upungufu na kingine na ziada. Kwa hiyo vinapimwa pia kimoja kimoja. Mwanga wa urujuanimno unaopita katika myeyusho wa paracetamol hupungua kwa namna inayojulikana kwenye nanomita 257, lakini kitu kingine chenye umbo linalokaribiana nayo huunyonya mwanga huo bila kujitaja jina.

Jina hutafutwa kwa njia nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niipende maabara. Jioni moja mhadhiri alizima taa, akachukua kijichupa cha kwinini iliyoyeyushwa katika asidi hafifu ya sulfuriki, akakiweka chini ya taa ya urujuanimno. Kikawaka bluu, bluu ya anga, kutoka ndani. Wengi wetu tulikuwa tumeimeza kwinini utotoni. Tuliukumbuka uchungu wake na masikio yaliyovuma usiku kucha. Kumbe ilikuwa na mwanga huu siku zote. Darasa zima lilinyamaza, na nadhani hapo ndipo baadhi yetu tulipochagua maisha yetu.

Kromatografia ya tabaka nyembamba inahitaji vifaa vichache kuliko watu wanavyodhani. Kuna bamba dogo lililopakwa unga wa silika, penseli ya kuchora mstari wa kuanzia, mrija mwembamba wa kuweka doa, na mtungi wenye kiyeyushi kidogo chini. Kiyeyushi kinapanda kwenye bamba na kuvuta kila kitu kwa mwendo wake, kinachoipenda silika kikibaki nyuma na kisichoipenda kikitangulia. Mrusi Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyeigundua njia ya kutenganisha vitu hivi mwanzoni mwa karne ya 20, akitafuta rangi zilizomo kwenye majani. Sisi tunaweka doa la sampuli katikati ya madoa ya dawa ya rejea, moja la asilimia 100 na moja la asilimia 80, na tukimaliza tunaangalia chini ya taa au kwenye mvuke wa ayodini. Doa likifika lilipofika jirani zake, na ukubwa wake ukiwa kati ya hao wawili au zaidi, umepata jibu la awali. Masanduku ya Minilab, yaliyobuniwa Ujerumani, yanafanya kazi kwa njia hiyo, na wakaguzi wa dawa hapa Tanzania wameyatumia tangu miaka ya mwanzo ya 2000, hata mipakani, mahali ambapo mashine kubwa haiwezi kukaa.

Thamani yake niliiona mwaka 2009, dawa bandia ya malaria, Metakelfin, ilipogundulika katika maduka 40 ya dawa nchini, ikiwa na kiambato pungufu. Malaria haingoji. Mtoto aliyepewa vidonge vile alikuwa akipoteza siku ambazo hakuwa nazo. Maabara ya mamlaka ya udhibiti wa dawa, wakati huo TFDA na tangu 2019 TMDA, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na mwishoni mwa 2018 Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika ambayo mfumo wake wa udhibiti wa dawa ulithibitishwa na shirika hilo kuwa unafanya kazi vizuri. Nayataja haya kwa fahari. Yamejengwa na watu waliosimama saa nyingi mbele ya mabamba yale.

Bandia ya namna ile, hata hivyo, ni adui wa wazi. SP ilinifundisha habari ya adui mwingine.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa inaiacha SP kama dawa ya kwanza ya malaria, miaka mitano tu baada ya kuiacha klorokwini, na kuingia kwenye dawa mseto. SP ilibaki kwa kinga ya wajawazito, na imebaki huko. Kidonge kimoja kina miligramu 500 za sulfadoksini na 25 za pirimethamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu vidonge vya maduka ya jumla ya Dar es Salaam ulikuwa umeonyesha kwamba baadhi ya vidonge vya SP vilishindwa kipimo cha kuyeyuka. Nilisoma maneno hayo bila kuyaelewa vizuri mpaka nilipokaa mbele ya mashine yenyewe.

Ni vyungu sita vya kioo vilivyozama katika maji ya nyuzi 37, joto la mwili. Kila kimoja kina lita moja ya myeyusho usio mkali, na kasia linalozunguka kwa mwendo uleule. Unadondosha kidonge kimoja katika kila chungu, kwa kupishana dakika, ili baadaye uweze kuchota vyote kwa wakati wao. Farmakopia ya Marekani inataka asilimia 60 ya kila kiambato iwe imetoka ndani ya dakika 30. Sampuli niliyokuwa nayo ilikuwa imeshapita utambulisho na kiasi. Dawa zote mbili zilikuwemo, tena kwa kipimo sahihi. Vidonge vya rejea vilivimba na kumeguka vikawa wingu. Vya sampuli vilikwenda chini vikakaa. Dakika ya kumi vilikuwa vinazunguka polepole chini ya kasia, kingo zake bado kali. Dakika ya ishirini, vivyo hivyo. Nilikuwa natazama dawa halisi, yenye uzito halali, ambayo mwili wa mama mjamzito ungeipitisha na kuitoa kama ilivyoingia. Pirimethamini ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kutoka, na ndiyo iliyo kidogo.

Dawa ile haikuwa na mhalifu. Pengine vidonge vilikandamizwa kupita kiasi, pengine punje za unga zilikuwa kubwa, pengine vilikaa ghalani vikakomaa. Anayepima kiasi peke yake angeipasisha kwa moyo mweupe.

Dawa mseto yenyewe, ALu, ilitulazimisha kujifunza mashine ya HPLC kwa dhati. Kidonge kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Lumefantrini ni ya njano, hunyonya mwanga vizuri, huonekana kwa mashine bila taabu. Artemetha ni kidogo mara sita na karibu haina rangi kwa jicho la mashine; lazima ushuke kwenye nanomita 210 hivi, mahali ambapo kila kitu kinaonekana, pamoja na uchafu wa methanoli ya bei nafuu na vumbi la maji yasiyosafishwa vizuri. Ndipo nilipoelewa kwa nini Mama alitusumbua kuhusu usafi wa maji. Kwenye bureti maji machafu kidogo hayakuonekana. Hapa yanaota kama kilima palepale unapomtafuta artemetha.

Mashine hii inasukuma kimiminika kwa shinikizo kubwa kupitia mrija wa chuma uliojazwa punje ndogo sana, na kila kitu kinatoka kwa zamu yake kikiandika kilele kwenye skrini. Ina mambo mengi ya kutunza, na sitayaeleza yote. La kukumbuka ni kwamba usiiache na chumvi ndani. Katika maabara moja niliyofanyia kazi, umeme ulipokatika katikati ya kazi tulikimbilia kwenye pampu, siyo kwenye kompyuta, kwa kuwa chumvi ikikaukia kwenye mrija unakuwa umeua kifaa kinachogharimu mishahara ya watu.

Kabla ya sampuli, unaingiza dawa ya rejea mara tano au sita, na vilele vyake visitofautiane zaidi ya asilimia 2. Mashine inajibu kwanza kuhusu yenyewe. Baada ya hapo ndipo inaruhusiwa kusema habari za wengine.

Nilipotoka chuoni nilifanya kazi kwa muda katika kiwanda ambacho sitakitaja. Siku moja sampuli ya toleo jipya ilitoa asilimia 93, na kikomo kilikuwa 95. Mkubwa wangu aliitazama skrini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ingiza tena." Ikatoka 94. "Ingiza tena." Ikatoka 95 na nukta. "Hiyo hiyo. Chapisha." Hakuwa mtu mbaya. Kulikuwa na lori linangoja nje na oda ya hospitali imechelewa. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba nitaandika zote tatu kwenye daftari, na kwamba kabla ya kupima tena tutafute kwanza sababu: chupa, uzito, mchanganyiko, pipeti. Yalifuata mazungumzo marefu. Toleo lilizuiwa, na mimi sikukaa kiwandani pale muda mrefu.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hilo lilishafika mahakamani. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Barr Laboratories, iliyoamuliwa New Jersey mwaka 1993 na Jaji Alfred Wolin, hoja kubwa ilikuwa hiyohiyo: kupima mpaka ipite. Jaji alikataa mtindo wa kurudia kipimo bila uchunguzi, na wa kuchukua wastani unaolificha jibu baya ndani ya mazuri. Viwanda vya dawa duniani bado vinaishi chini ya kivuli cha hukumu ile. Nami nilifurahi kuona kwamba jaji mwenye joho na mama fundi sanifu wa Upanga walikuwa wamefika mahali pamoja.

Lakini hata ukipima kwa uaminifu wote huo, bado kuna swali ambalo hukuuliza.

Mwaka 1937, kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee ilitaka kuuza sulfanilamidi katika hali ya maji kwa ajili ya watoto na wasioweza kumeza vidonge. Sulfanilamidi ilikuwa dawa ya kweli, iliyookoa watu. Mkemia wa kampuni alitafuta kitu cha kuiyeyushia, akaona inayeyuka vizuri katika daiethilini glaikoli, kimiminika kitamu, kizito, kisicho na rangi. Maabara ya kampuni iliichunguza dawa ile kwa ladha, mwonekano na harufu, ikaridhika. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, figo zikiwa zimeacha kufanya kazi. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria inayotaka usalama wa dawa mpya uthibitishwe kabla ya kuuzwa.

Mtu angedhani somo hilo lilikwisha. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizotengenezwa India na kupatikana Gambia, zikiwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Watoto wapatao 70 walikufa. Mwaka huohuo Indonesia nayo ikazika watoto kwa sababu ileile. Katika dawa nyingi za maji kiyeyushi halali ni propilini glaikoli au gliserini. Vinafanana na sumu ile kwa utamu, uzito na kukosa rangi, na sumu ni rahisi zaidi kwa bei. Pipa moja lililobadilishwa njiani, likapokelewa kwa kusoma karatasi zake tu, linatosha.

Ninachokirudia kichwani ni hiki: ungechukua chupa ya dawa kama ile ukapima kiambato chake kwa bureti, kwa mwanga, kwa HPLC, ukafanya kila kitu kwa mkono safi na daftari la kweli, ingeweza kupita. Asilimia 99 ya kilichoandikwa kwenye lebo. Hakuna kipimo kati ya hivyo kilichoulizwa habari za kimiminika chenyewe. Na kipimo cha kuuliza kipo, tena si cha kitajiri. Ni bamba la silika kama lile la wanafunzi, kiyeyushi, na doa la daiethilini glaikoli likiwekwa kando kwa kulinganisha. Kikomo kinachokubalika ni asilimia 0.10. Mwenye bamba na macho mazuri anaweza kuanza kazi hiyo kwenye kituo cha mpakani, na chupa itakayotiliwa shaka ndiyo itakayopelekwa kwenye mashine kubwa.

Siku hizi nafundisha vijana kwa saa chache kila juma. Tukipokea dawa ya maji ya watoto tunaanza na bamba hilo kabla ya kugusa kiambato. Juzi kijana mmoja alilitoa bamba lake mtungini, akalikausha, akaliangalia muda mrefu. Mahali pa sumu palikuwa peupe. Akaandika daftarini, akaweka saini na tarehe, halafu akaniuliza, "Mwalimu, na kama mwakani wataweka kitu kingine, ambacho hatuna doa lake?"

Nikamwambia avute kiti. Tulichukua chupa ile, tukaandika kila kitu kilichotajwa kwenye lebo, dawa na visivyo dawa: sukari, gliserini, rangi, kihifadhi, ladha ya chungwa. Mbele ya kila kimoja tukaanza kuandika kinatoka kwa nani, kinafanana na nini kilicho rahisi zaidi, na kipimo gani kingeweza kuvitofautisha. Mchana ulipofika tulikuwa tumefika kwenye gliserini.